ss, gg, afk, oom: Mwongozo Kamili wa Kuielewa Lugha ya Wachezaji wa Gemu za Mtandaoni

Mechi yangu ya tatu ya League of Legends iliharibiwa na herufi mbili. Mwenzangu aliyekuwa upande wa juu wa ramani aliandika "ss top". Mimi ss nilikuwa naijua kama picha ya skrini, basi nikamuuliza, "Ya nini?" Sikupata jibu. Adui aliyetoweka kule juu alichomoza kichakani nyuma yangu, na sekunde tatu baadaye nilikuwa natazama skrini ya kijivu nikisubiri kufufuka. Katika gemu ile, ss ni mkia wa neno la Kiingereza miss: adui wa upande wangu haonekani, chungeni migongo yenu.

Neno nilikuwa nalo, ila kwa maana ya mahali pengine, na hiyo ni hatari kuliko kutolijua kabisa. Asiyejua huuliza; anayedhani anajua hufa akiuliza "Ya nini?" Ndiyo maana hapa hutapata orodha ya vifupisho mia mbili vya kukariri. Orodha hizo zipo tele, na nyingi ni sahihi, lakini haziwezi kukwambia ss iliyo mbele yako sasa hivi ni ipi. Nitakuonyesha namna ya kukisoma kifupisho kwa kuangalia kimesemwa katika gemu gani, wakati gani, na nani.

Hatua ya 1: Ielewe haraka iliyokizaa

Kwenye kompyuta, vidole vinavyoandika ndivyo hivyo hivyo vinavyomtembeza mhusika wako. Ukiandika sentensi nzima, umesimama, ukisimama, umelengwa. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, maana kibodi inafunika nusu ya uwanja wa vita. Kwa hiyo kifupisho ni ujumbe uliokamuliwa hadi kikabaki kile tu ambacho timu haiwezi kukikosa. Ukikutana na kigeni, jiulize kwanza aliyeandika alikuwa na haraka ya nini. Alikuwa anaonya? Anaomba? Anauza? Anacheka? Mara nyingi utakuwa umefika nusu ya maana kabla hujajua herufi zenyewe zinasimamia nini.

Haraka hii ni ya zamani. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kutengeneza MUD, gemu ya wachezaji wengi iliyoendeshwa kwa maandishi matupu, na mwenzake Richard Bartle akaja kuiendeleza. Humo ndimo lilimotoka neno mob, ambalo hadi leo lina maana ya kiumbe anayeendeshwa na gemu yenyewe. Ni kipande cha neno mobile, yaani kitu kinachotembea, halina uhusiano na kundi la watu wenye fujo ingawa Kiingereza cha kawaida kingekupeleka huko. Hit points na experience points, ambazo leo tunaziandika HP na XP, zimetoka mbali zaidi, kwenye Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 iliyochezwa mezani kwa kete na karatasi. Kisha zikaja gemu kubwa za mtandaoni, Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, World of Warcraft mwaka 2004, na kila moja ikaacha maneno yake kama mto unavyoacha mchanga.

Si yote yaliyotokana na vifupisho. Nerf ni chapa ya bunduki za kuchezea zinazorusha vipande vya sponji. Watengenezaji wa gemu wakipunguza makali ya silaha fulani, wachezaji husema imekuwa nerfed: jana ilikuwa upanga, leo ni sponji. Kinyume chake ni buff, kuongezewa nguvu. Zerg ni viumbe wa StarCraft ya mwaka 1998 wanaoshambulia kwa wingi mapema, na sasa kundi lolote linalovamia kwa idadi badala ya akili huitwa hivyo. Na ukiona watu wanaandika herufi F moja moja mwenzao anapopata balaa, wanatoa rambirambi za utani: Call of Duty: Advanced Warfare ya mwaka 2014 ilimtaka mchezaji abonyeze kitufe cha F ili kutoa heshima zake msibani, na watu hawajaacha kuicheka amri hiyo.

Hatua ya 2: Anza na maneno yanayovuka gemu zote

Haya ni machache, na utayashika kwa siku mbili. Yapange kwa wakati wa mechi.

Kabla ya kuanza utaona gl hf, good luck, have fun, yaani bahati njema na furahieni. Jibu ni hilo hilo, au u2, nanyi pia. Ukiulizwa rdy, unaulizwa kama uko tayari, na herufi r peke yake inatosha kujibu.

Katikati utaona afk, aliyeacha kibodi. Brb, narudi sasa hivi. Dc, aliyekatika mtandao. Tofauti kati ya afk na dc ina uzito kuliko inavyoonekana. Wa kwanza ameondoka kwa hiari yake, wa pili ameponyokwa, na timu huwasamehe kwa viwango tofauti. Mb ni my bad, kosa langu. Np ni hakuna tabu. Ty ni asante. Herufi hizi sita ni za bei rahisi na zimeokoa vikosi vingi visivunjike.

Mwishoni ni gg, good game, na wp, well played. Nitazirudia kwenye adabu, maana zina miiba.

Lag, yaani gemu kuchelewa au kukwama, nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu watu wanaitumia kwa magonjwa mawili yasiyo na dawa moja. Ping ni muda ambao ujumbe wako unachukua kwenda kwenye seva na kurudi, na hupimwa kwa milisekunde, ms. Chini ya 50 utacheza bila kuhisi chochote. Ukipita 150 utaanza kupigwa risasi baada ya kujificha. FPS, kwa maana ya picha kwa sekunde, ni kazi ya kifaa chako, na 60 ni kiwango ambacho wengi hukilenga. Sasa, wachezaji wenzako wakirukaruka kutoka hapa hadi pale huku kamera yako ikigeuka laini, shida ni mtandao. Picha nzima ikikwamakwama, hata ukuta usiotembea ukigeuka kwa mikatomikato, shida ni kifaa. Ukimwambia mtu "nina lag", atakuuliza "ping au fps?" Kuwa na jibu.

Maneno mengine ya kundi hili ni ya majadiliano zaidi kuliko ya vita. OP ni kitu chenye nguvu kupita kiasi. RNG ni bahati nasibu ya kompyuta, inayoamua silaha gani itadondoka na pigo gani litakosa. Anayelalamikia RNG analalamikia kete. Meta ni mbinu ambazo kwa wakati huu wachezaji wengi wanaziona zinalipa kuliko nyingine. Utasikia kwamba ni ufupisho wa most effective tactics available. Ni hadithi tamu iliyotungwa baadaye; neno limetoka kwenye metagame, gemu iliyo juu ya gemu.

Hatua ya 3: Tambua umeingia aina gani ya gemu

Hapa ndipo penye kazi. Ukibadilisha gemu, umebadilisha lahaja, na maneno uliyobeba yanaweza kukugeuka.

Kwenye gemu za matukio zenye vikosi, kama World of Warcraft, lugha yote imejengwa juu ya kazi tatu. Tank ni mwenye ngozi ngumu anayepigwa kwa niaba ya wengine. Healer ni mponyaji. DPS, damage per second, kwa asili ni kipimo cha madhara kwa sekunde, lakini kimegeuka jina la mtu: "tunahitaji dps wawili" ina maana washambuliaji wawili. Ukishazielewa kazi hizi tatu, maneno mengine yanajipanga yenyewe. Aggro ni hasira ya adui, na kazi ya tank ni kuishika. Mshambuliaji mwenye pupa akiichukua, atakufa na hatapewa pole. Pull ni kuwavuta maadui waanze kupigana. Add ni adui wa ziada aliyejiunga bila kualikwa. CC, crowd control, ni kumzuia adui asifanye kitu, kwa kumgandisha au kumlaza usingizi. AoE ni pigo linaloenea eneo zima. Oom, out of mana, ni kilio cha mponyaji: nguvu za uchawi zimeniishia, msitarajie kuponywa. Ukiona oom, kila mtu ajilinde mwenyewe. Wipe ni kikosi kizima kufa, na "wipe it" ni amri ya kukubali kufa haraka ili mwanze upya, ingawa mgeni huisikia kama tusi.

Katika gemu hizo hizo kuna soko na kituo cha kuitana. WTS ni nauza, WTB ni nanunua. LFG ni natafuta kikosi, LFM ni kikosi kinatafuta watu, na namba huchomekwa katikati: "LF1M tank, pst" maana yake tumebakiza nafasi moja, ya tank, anayetaka aniandikie faraghani. Pst hapo ni please send tell. Niliwahi kuidhani ni majira ya saa ya pwani ya magharibi ya Marekani, nikabaki nahesabu saa wakati nafasi inachukuliwa.

Kwenye gemu za njia tatu na ngome, League of Legends au Dota 2, mazungumzo yote ni ya ramani. Top, mid na bot ni njia ya juu, ya kati na ya chini. Jungle ni msitu ulio kati ya njia hizo, na anayekaa humo anasubiri nafasi ya ku-gank, kumvamia adui ghafla kwenye njia yake. Feed ni kufa mara nyingi hadi adui akanenepa kwa vifo vyako. Int ni tuhuma nzito zaidi, kwamba unakufa kwa makusudi. Usimtupie mtu neno hilo kwa sababu tu amecheza vibaya. CS ni idadi ya askari wadogo uliowamaliza mwenyewe, na ndiko fedha yako inakotoka.

Gemu za kufyatuliana risasi zina maneno machache, na yanasemwa kwa mdomo kuliko kuandikwa. Katika Counter-Strike kila raundi huanza kwa kununua silaha, hivyo kuna msamiati wa uchumi. Eco ni raundi ambayo timu inakubaliana kutonunua ili ijiwekee akiba, force ni kununua kwa fedha yote hata kama haitoshi. Anayekiuka makubaliano ya eco huharibu raundi mbili kwa mkupuo, kwa hiyo hili ndilo neno la kwanza la kujifunza humo. Clutch ni kubaki peke yako dhidi ya wengi na kushinda. "He's low" au "one shot" ni adui amebakiza uhai kidogo, pigo moja linatosha. Mtu akikuambia "rotate", hama upande wa pili sasa hivi, maelezo baadaye.

Gemu za kubaki wa mwisho, PUBG na Free Fire, zimeazima maneno hayo na kuongeza yao: zone ni duara linalosinyaa, loot ni vifaa vya kuokota, knock ni aliyeangushwa lakini bado anaweza kuinuliwa, na third party ni kikosi kinachosubiri wengine wapigane ndipo kije kumalizia mabaki. Ushindi kwenye PUBG ni chicken dinner, kwenye Free Fire ni Booyah.

Gemu za mpira nazo zina zao, hasa za kadi: OVR ni alama ya jumla ya mchezaji, SBC kwenye gemu za kampuni ya EA ni fumbo la kupanga kikosi kwa masharti ili upate zawadi. Na wapo wanaoshindana kumaliza gemu kwa muda mfupi. Kwao PB ni muda wako bora, WR ni rekodi ya dunia, any% ni kufika mwisho kwa njia yoyote. TAS ni mbio iliyopangwa kwa msaada wa programu, picha baada ya picha, na kuilinganisha na mbio ya mkono wa mtu ni kosa litakalokuletea mhadhara mrefu.

Hatua ya 4: Fumbua kifupisho chenye sura nyingi

Chukua ff. Kwenye League of Legends ni forfeit: tupige kura tukubali kushindwa. Kwenye gemu ya risasi ni friendly fire, risasi yako kumdhuru mwenzako. Kwa mashabiki wa gemu za Kijapani ni Final Fantasy. Kwa mamilioni ya wachezaji wa simu ni Free Fire. Sasa soma sentensi hizi nne: "ff 15", "ff is on", "ff 14 is down", "ff ranked tonight?" Ya kwanza inaomba kusalimu amri dakika ya 15, ndipo kura inaporuhusiwa. Ya pili inaonya kwamba mtaumizana. Ya tatu inasema seva za Final Fantasy XIV hazipatikani. Ya nne inakualika mechi ya viwango usiku.

Umeona kilichofumbua? Neno la jirani. Namba ya dakika, "is on", "is down", "tonight". Kifupisho chenye sura nyingi hakifumbuliwi kwa kukikodolea macho chenyewe. Tazama neno lililoketi nacho. Jirani akiwa namba, kuna uwezekano ni muda, idadi au uhai. Akiwa jina la mahali, ni onyo au amri ya kuhama. Akiwa alama ya kuuliza, unaombwa kitu. Na asipokuwepo jirani yeyote, angalia kilichotokea kwenye skrini sekunde mbili kabla.

Vingine vya kuchunga kwa njia hiyo hiyo: FPS ni picha kwa sekunde au aina ya gemu ya risasi inayochezwa kwa jicho la mhusika. CS ni hesabu ya askari wadogo au Counter-Strike. DC ni kukatika mtandao au Discord, programu ya mazungumzo ya wachezaji, kwa hiyo "dc?" aliyoandikiwa mtu aliyenyamaza ni tofauti na "dc?" aliyoandikiwa mtu mliyetoka kushinda naye. MS ni milisekunde au kasi ya kutembea. GM ni msimamizi wa gemu, kiongozi wa chama cha wachezaji, au daraja la grandmaster. Kabla ya kumlalamikia GM, hakikisha ni yupi.

Hatua ya 5: Sikiliza wiki moja, ukiandika

Daftari la karatasi linafaa kuliko faili, kwa sababu huhitaji kutoka kwenye gemu kulifungua. Andika sentensi nzima, kamwe usiandike kifupisho peke yake. Pembeni andika kilichotokea baada ya sentensi hiyo kusemwa: walikimbia, walinunua, walicheka, walimtukana mtu. Kitendo kilichofuata ndicho kamusi yako. Nilijifunza oom kwa kuona kila mara ikiandikwa tunakufa.

Matangazo mubashara ya wachezaji wazoefu ni shule nzuri kwa sababu unaweza kurudisha nyuma. Chagua mtu anayeongea na timu yake, si yule anayeongea na watazamaji. Hao wawili wana lugha tofauti kabisa. Ukitafuta maana kwenye intaneti, andika kifupisho pamoja na jina la gemu, na angalia maelezo ni ya mwaka gani, kwani gemu hufanyiwa mabadiliko na neno la misimu mitano iliyopita linaweza kuwa limebaki kwenye kumbukumbu tu.

Kuuliza hakuna aibu, kuna saa yake. Uliza kati ya raundi, mkiwa lobi mnasubiri mechi, au mkiwa mmekufa wote. Uliza kwa ufupi unaolingana na wao: "new here, what's eco?" Nimeuliza mara nyingi mno, na wanaojibu vizuri ni wengi kuliko wanaokejeli, hasa ukisema mapema kwamba u mgeni. Ukisema baada ya kosa, inasikika kama kisingizio.

Hatua ya 6: Anza kusema

Anza na onyo moja tu: adui yuko wapi na ni wangapi. Mahali, idadi, hali. "B, 2, one low" inatosha: wawili upande wa B, mmoja taabani. Usianze na hisia, "jamani jamani wapo wengi", kwa sababu hadi unafika kwenye mahali, walishafika. Kipaza sauti kinapofunguliwa, sema kilichokuua na aliko, kisha nyamaza ili walio hai wasikie nyayo.

Mkiwa kikosi cha Kiswahili, lugha itajitengenezea njia, na tayari imejitengenezea: amedc, nimelag, tumewipe, wamemgank. Viambishi vyetu vinabeba mengi kwa silabi chache. "Wamemgank" ina mtenda, wakati, mtendwa na tendo katika neno moja, jambo ambalo Kiingereza kinahitaji maneno manne. Kubalianeni tu mapema majina ya sehemu za ramani mtayaita vipi. Nimeona timu nzuri ikisambaratika kwa kuwa "kule nyuma" ya mmoja ilikuwa "kule mbele" ya mwingine.

Mkichanganyika na watu wa lugha nyingine, vifupisho vya Kiingereza ndivyo daraja, ila kicheko kila mtu hucheka kwa lugha yake. Mthai ataandika 555, kwa sababu tano kwa lugha yake hutamkwa kama "ha". Mbrazili ataandika kkkk, Mhispania jajaja, Mjapani www. Mchina akiandika 666 anakusifu kwamba umecheza kwa ulaini, hana habari na shetani. Na kwenye World of Warcraft, mchezaji wa kambi ya Horde akiandika lol, wa kambi ya Alliance humwona ameandika kek, kwa sababu gemu inaigeuza lugha ya adui. Watu waliipenda hadi wakaichukua nje ya gemu.

Ukikosa neno kabisa, tumia kitufe cha kuelekeza. Apex Legends ya mwaka 2019 ilionyesha jinsi kitufe kimoja kinavyoweza kusema "adui yule", "silaha hii hapa" na "twende kule" bila sauti wala herufi, na gemu nyingi zikafuata. Usisahau tu kwamba kitufe hicho hicho kikibonyezwa mara kumi juu ya maiti yako ni kejeli.

Hatua ya 7: Jua miiba iliyomo kwenye maneno mazuri

Gg ni salamu ya heshima, lakini ina utaratibu. Kwenye StarCraft, anayeshindwa ndiye huandika gg kwanza, na kwa kufanya hivyo anakiri na kutoka. Mshindi akitangulia, ni kama kumfunga mtu sanda akiwa anapumua. Wenyewe huita tabia hiyo BM, utovu wa adabu. Kwenye gemu za mechi zenye saa maalumu, gg inayoandikwa dakika ya tano na mtu wa timu yako ina maana amekata tamaa, na inaambukiza.

"Gg ez" ni tusi waziwazi: mchezo ulikuwa rahisi, hamkuwa kitu. Baada ya Overwatch kutoka mwaka 2016, watengenezaji wake waliamua kwamba anayeandika gg ez mechi ikiisha, maneno yake yageuzwe kuwa sentensi za kujidhihaki mwenyewe, mbele ya wote. Adhabu ya kistaarabu kuliko zote nilizowahi kuona.

Noob na newbie haviko sawa. Newbie ni mgeni, hana kosa. Noob ni mtu asiyejua na asiyetaka kujua, na ni dharau. Smurf ni bingwa aliyejificha kwenye akaunti mpya ili awapige wageni. Neno lilianza katikati ya miaka ya 1990, mabingwa wawili wa Warcraft II walipojiita majina ya wale vibonzo wa bluu kwa kuwa kila mtu alikuwa amewakimbia. Tilt ni hali ya mtu aliyekasirika hadi anacheza vibaya zaidi. Ukijiona umefika huko, toka.

Hatua ya 8: Maneno ya kusimama na kuangalia mara mbili

Asl inauliza umri, jinsia na mahali ulipo. Hakuna mechi inayohitaji majibu hayo, na kwa mtoto jibu ni kunyamaza na kumwita mkubwa. Mtu asiyejulikana anayeharakisha mhamie kwenye programu nyingine ya mazungumzo anaondoka mahali penye wasimamizi, na mzazi anapaswa kujua hilo. Trust trade ni kuombwa umpe mtu kitu chako kwanza kwa ahadi kwamba atakurudishia; hakirudi. Boost na carry ya kulipia, yaani kumlipa bingwa akupandishe daraja, mara nyingi humaanisha kumpa mtu nenosiri la akaunti yako, na gemu nyingi hufunga akaunti kwa kosa hilo, ikiwa mtu mwenyewe hajaondoka nayo.

Kys ni kumwambia mtu ajiue. Wapo wanaoiandika kana kwamba ni koma. Piga picha ya skrini kwanza, ripoti kupitia gemu yenyewe, kisha mzuie aliyeandika. Ukianza kumzuia, wakati mwingine maandishi yake hupotea machoni pako na unabaki bila ushahidi. Na aliyeandikiwa asiachwe peke yake akisema ni utani tu.

Hatua ya 9: Jipime

Haya ni mazungumzo ya kikosi cha watu watano kwenye gemu ya matukio, tangu kuitana hadi kuagana. Yasome bila kurudi juu.

"LF1M heal" — "inv" — "gl hf all" — "rdy?" — "brb 2 min, bio" — "back" — "r" — "cc left, pull right" — "add add" — "oom!!" — "wipe it" — "mb, ping 300" — "np, rez pls" — "rdy?" — "r" — "ty all, gg" — "add?"

Inv ni nialike. Bio ni haja ya mwili, na hakuna anayeuliza zaidi. Rez ni nifufue. Mengine yote unayo. Mponyaji aliyeishiwa nguvu ndiye huyo mwenye ping ya 300, na ona jinsi mb moja na np moja zilivyomaliza kesi kabla haijaanza. "Add add" ya katikati ni adui wa ziada. Kila mtu alipaswa kugeuka. Ile ya mwisho, yenye alama ya kuuliza, baada ya gg, ni mtu anayekuomba uwe rafiki yake. Hapo unaweza kujibu taratibu.